Bei ya Mtani Kaburini

Gari la sinema lilipofika Nyangamara, hata mwaka haujaisha tangu watu watolewe kwenye mashamba yao ya zamani na kupangwa kijijini mistari mistari kama mihogo. Shuka jeupe likatundikwa, mikeka ikatandikwa. Likwata alikaa mbele kabisa, kwa kuwa mchezaji mkuu wa filamu ile alikuwa Sipriani, na Sipriani ni mtani wake. Ukoo wa Likwata, Wamwera, na ukoo wa kina Sipriani, Wamakonde, walitaniana tangu enzi za mababu.

Filamu ilimhusu kijana mwanamuziki aliyetoka shamba kutafuta jina. Kijana akatembea kwa miguu kutoka Nyangamara mpaka Lindi, na gitaa lenye nyuzi za waya wa breki za baiskeli. Akalala jikoni kwa watu, Mitwero. Akabebeshwa vyombo vya bendi miaka mitatu bila kuruhusiwa kugusa kipaza sauti. Mwisho akaimba wimbo wake, wa mwanamke wa Rondo anayepalilia shamba la mume aliyemkimbia, na Dar es Salaam nzima ikasimama.

Watu wakashangilia. Likwata hakupiga kofi hata moja. Aliyetembea ni yeye. Nyuzi za breki zilichana vidole vyake yeye. Jikoni alilala yeye, tena jikoni kwa wazazi wa Sipriani, vyombo alivibeba yeye, tena vya bendi ya Sipriani huyo huyo, na mwanamke wa kwenye wimbo ni mama yake mzazi. Sipriani hakuwahi kubeba gitaa hata umbali wa kufika kisimani. Lake alinunuliwa jipya dukani na baba yake, mzee Klementi. Wimbo aliuchukua akaupeleka redioni, akasema ni wake. Hilo Likwata alishalimeza.

"Wimbo sawa," alimwambia mkewe, Kidawa. "Lakini na shida zangu? Mtu anaiba mpaka shida?"

"Nenda Dar ukamshitaki."

"Shahidi nani? Watu wote wameona miguu ya Sipriani ikitembea."

"Basi unyamaze."

"Sinyamazi, nangoja. Siku atakayokuwa na haraka, nitakuwepo. Mwenye haraka hana ubishi wa bei."

Siku hiyo ikaletwa na msiba. Kiangazi kile kile mzee Klementi akafariki. Likwata akachukua koti lake, akadandia lori la korosho, akashukia Mitwero.

Sipriani alikuwa amekwisha fika kutoka Dar, kavaa suti ya Kaunda, kafuatana na mabwana wawili wa ile ofisi iliyotengeneza filamu. Jeneza likatuliwa kando ya kaburi. Katekista Yohana alipofungua kitabu tu, Likwata akavua viatu, akatumbukia kaburini, akajilaza chali.

"Mtani kalala! Mtani kalala!" Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Senti zikarushwa, kama ilivyo desturi: mtani hupewa kitu kidogo, hutukana marehemu kidogo, kisha hutoka. Likwata akazirusha nje.

"Mzee Klementi alikuwa bahili, lakini hakufikia hapa," alisema kutoka chini. "Sipriani! Njoo umnunulie baba yako nyumba."

Sipriani akainama ukingoni, anatabasamu. "Sema, mtani. Unataka nini? Mbuzi?"

"Mbuzi atanimalizia mihogo. Nataka useme, na wageni wako wasikie: nani alitembea kutoka Nyangamara?"

Tabasamu likaganda. "Mtani, hayo tutazungumza nyumbani, tukinywa chai."

"Nyumbani ndiyo hapa. Tena kuna ubaridi mzuri."

Vijana wakataka kumvuta kwa nguvu. Wazee wakawazuia: mtani hatolewi hivyo, atakayemgusa ataurudisha msiba nyumba ile ile. Likwata alilijua hilo kabla hajapanda lori. Alijua pia kwamba jua la Lindi halimheshimu samaki wala mzee. Akafumba macho, akasubiri. Waombolezaji wakaanza kuhema na kujipepea kwa kanga.

"Nani alitembea?" akauliza tena.

"Tulitembea wote," Sipriani akasema.

"Bei imepanda. Sasa nataka na wimbo."

Hapo Bibi Theresia, mjane, akasukuma watu mpaka akamfikia mwanawe.

"Sema, Sipriani. Huyu kalala jikoni kwangu, ugali nimempikia mimi kwa mkono wangu. Unataka baba yako aozee juu ya ardhi kwa ajili ya sinema?"

Sipriani akasema, midomo haifunguki.

"Huku kuzimu hatusikii!" Likwata akapaza sauti.

"Alitembea Likwata!" Sipriani akapiga kelele. "Na wimbo ni wake! Haya, toka!"

Mabwana wawili wa Dar wakatazamana. Mmoja akavua kofia, akaanza kuichunguza kama vile ndiyo kwanza anaiona.

Sipriani akampa mkono kumvuta juu, ndivyo desturi inavyotaka. Walipokaribiana uso kwa uso akanong'ona, "Umenimaliza. Ungeniomba tu, ningekuingiza kwenye bendi."

"Nimekuomba miaka mitatu."

"Haya. Yameisha?"

Likwata akajikung'uta udongo. "Ya baba yako yameisha. Mama hajambo? Mtunze sana."

Kisha akachukua koleo, akamfukia mzee Klementi vizuri, kwa heshima zote, maana hiyo nayo ni kazi ya mtani.

Jina kubwa hakulipata. Filamu iliendelea kuonyeshwa, ila Lindi yote, kijana wa kwenye shuka akitokea anatembea, watu walipiga kelele: "Likwata huyo!" Na kabla ya matanga kuanuliwa, Sipriani alimpakia mama yake basi la Dar, bibi wa watu analia kwamba hataki kuacha nyumba yake. Mitwero wakasema wazi: kijana anaogopa kaburi la pili.

Kidawa alipompelekea mumewe habari hizo shambani, Likwata hakuacha kupalilia mikorosho.

"Dar nako wanazikwa," alisema. "Na nauli ninayo."