Kitabu Kilichomzika Papa

Mji wetu ni chef-lieu ya wilaya, na kama hujui maana yake, mtu wa kwanza utakayekutana naye barabarani atakueleza bila kuulizwa kwamba ni makao makuu. Tuna bendera, tuna ofisi, tuna rond-point, mzunguko wa magari, inayofikiwa na barabara moja tu, kwa hiyo malori ya Alimbongo huizunguka kwa heshima. Butembo wana pesa na maghorofa. Sisi tuna mihuri. Tunalima viazi pia, lakini hilo hatulitaji mbele ya wageni.

Asubuhi kuna baridi kali, na makarani hukaa na makoti mabegani mpaka saa nne, vidole vipate joto. Saa sita wanakwenda kula. Siwalaumu, maana kumwambia mtu "urudi kesho" siku nzima kunachosha koo.

Papa yangu aliupenda mji huu, na hilo hadi leo linaniudhi. Alipoanza kujigonga kwenye milango, nilimpeleka kwa daktari wa macho Butembo. Daktari alisema wazi: kilichopotea hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa ng'ambo ya mpaka, Uganda, tukienda upesi. Ili kuvuka tulihitaji karatasi ya utambulisho. Papa alifurahi. Karatasi! Si ndiyo kazi ya mji wetu?

Sasa, kwetu Wanande mtoto hachaguliwi jina, anawekwa kwenye foleni. Wavulana wa kwanza wana jina lao, wa pili lao, wa tatu lao. Ukiliita jina la wa tatu sokoni, nusu ya wanaume wanageuka. Papa ni wa tatu, na babu alikuwa wa tatu. Ongeza jina la ubatizo, ambalo wachungaji wa zamani waligawa bila kuumiza kichwa, na mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa "vers", yaani karibu na mwaka fulani, kwa kuwa siku ile hakuna aliyekuwa na kalenda. Kwenye karatasi, papa yangu ni wazee wengi.

Mmoja wa wazee hao alikufa Masereka. Karani alifungua kitabu kikubwa, akatafuta jina, akaona la papa yangu, akaandika kifo hapo, akaridhika.

Kwa hiyo tulipofika, karani huyo huyo alifuata mistari kwa kidole, akasimama.

"Muzee, hapa wanaandika ulishakufa."

"Mais niko hapa," papa alisema.

"Naona. Sina shida na weye, muzee. Shida iko na kitabu."

"Basi futa."

"Kitabu ya serikali hapana kufutwa. Donc ulete bashahidi babili, baseme uko muzima. Na barua ya famille ya ule wa Masereka, baseme maiti ilikuwa ya kwabo."

Papa alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona akipapasa kiti kabla ya kukikalia.

Mashahidi hawakukosa. Shemasi wa kanisa letu aliapa kwamba anamjua papa tangu utotoni na kwamba hajawahi kumwona amekufa. Familia ya Masereka waliandika barua nzuri sana, wakatutumia na viazi vya pole, kwani walikuwa wamesikia kwamba na sisi tuna marehemu. Tukarudi ofisini tukiwa tumekamilika. Chef, mkuu wa ofisi, alikuwa amekwenda mission, safari ya kikazi, na muhuri ulikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa chef.

Tulirudi kesho. Tulirudi kesho nyingi. Mwanzoni papa alitembea mbele yangu, akisalimia kila mtu kwa jina, jambo ambalo, kama nilivyosema, si gumu kwetu. Baadaye alitembea kando yangu. Kufikia mvua za mwisho alitembea nyuma, ameshika mkono wa sweta yangu, akidai barabara ndiyo imeharibika. Nilikuwa na hasira hata na bendera. Nilitaka kupiga kelele ndani ya ile ofisi, nikaogopa karatasi isije ikachelewa zaidi, nikamwambia karani "asante, chef" kwa sauti tamu ambayo bado naionea haya.

Siku karatasi ilipotoka, ofisi nzima ilisimama kutuangalia. Karani aliigonga muhuri mara mbili, kwa usalama, akampa papa kwa mikono miwili.

"Félicitations, muzee. Leo uko muzima."

Papa aliipokea. Aliinua karatasi kuelekea dirishani, akaisogeza karibu na pua, akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akaniinamia, taratibu, makarani wasisikie.

"Mwanangu, bameandika upande gani?"