CD ya Kuifundisha Kompyuta Kusoma CD

Wewe unayebinua mdomo kabla sijaanza, ubinue taratibu. Nilikuwepo mie mwenyewe.

Nilikwenda ofisi ya mtaa, Mwananyamala, na CD iliyorekodiwa kwenye arobaini ya marehemu mume wangu. Humo shemeji yangu anatamka mbele ya ukoo mzima kwamba nyumba ni yangu. Sasa anaitaka yeye, na siku hiyo alikuja kujitetea.

Mtendaji akafunua kitambaa cha kufuma kilichoistiri kompyuta, akatia CD. Kompyuta yenyewe ya enzi za TV za chogo, ikagoma. Akaitwa fundi.

"Shikamoo bibi. Haina draiva, ile programu ya kuitambulisha sehemu ya CD. Nimekuja nayo."

Akatoa CD yangu, akatia ya kwake yenye hiyo draiva, palepale. Tukasubiri. Akaichomoa, akaipangusa kwenye shati, akairudisha.

"Baba," nikamuuliza, "na hiyo yako itasomwa na nani?"

Fundi akajikuna kichwa. Shemeji akacheka mpaka kofia ikamwinamia. "Ushahidi umekwisha, shemeji! Na hata pale niliposema nyumba ni yako, nilikuwa nakuliwaza tu."

Mtendaji akaiacha kompyuta, akachukua kalamu. "Rudia hapo, mzee. Ulisema nyumba ni ya nani?"

Kicheko kikakatika. Kalamu, jamani, haijawahi kuomba draiva. Nikachukua CD yangu, nikamwacha fundi akipangusa ya kwake, nikatoka, nikafunga mlango.