Barafu ya Kaskazini na Mvua ya Wajir

Barafu ikiyeyuka kule juu kabisa ya dunia, mvua itanyesha Wajir? Nakumbuka, mwanangu, siku nilipoulizwa swali hilo nyumbani kwetu Galbet, karibu na mto Tana.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi kutoka kwenye meli ya utafiti katika bahari ya Aktiki, ambako tulishusha vyombo majini kupima joto na chumvi, tujue hali ya hewa inabadilika vipi. Nilikuwa msichana wa chuo kikuu, mbishi, nisiyekubali neno la mtu bila ushahidi. Shangazi zangu walinitania: nimekaa kwenye barafu muda wote huo, mbona sikurudi mweupe?

Aliyeuliza ni abti, mjomba wangu. Mpaka leo nikinusa chai ya maziwa ya ngamia naiona sura yake. Malisho kando ya Tana yalikuwa yamekwisha. Abaki hapo mifugo ikonde, au avuke nyika na watoto wake kuelekea Wajir, ambako watu walisema mawingu yanakusanyika? Mvua ikikosekana huko, njiani hakuna kisima cha kuwaokoa.

Nikaanza kueleza. Mikondo ya bahari, pepo, mawingu. Maneno yakanikolea, nikawa karibu kusema, "Hama." Abti akaweka kikombe chini.

"Abti," aliniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "tukimtuma mtu atangulie kutafuta maji, akirudi hatumuulizi anafikiri nini. Umeona nini?"

"Nimeona barafu imepungua kuliko walivyoikuta waliotutangulia."

"Na mvua ya Wajir?"

"Sijui, abti."

"Haya. Sasa umesema."

Niliona haya. Kule melini chombo kikikwama tuliacha nafasi tupu daftarini, hatukubuni namba. Nyumbani nilitaka kuijaza kwa maneno. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Abti alibaki mtoni. Mbuzi wengi walikufa, lakini watu wote waliuona msimu uliofuata. Wajir mvua haikunyesha.

Mwanangu, hoji kila kitu. Mimi bado nahoji. Lakini anayekuuliza akiwa na kiu, mpe ulichokiona, na usichokijua sema hukijui. Mungu akujalie elimu yenye manufaa, na ulimi usiotangulia macho yako.

Abti alishafariki. Ni mwanawe aliyeniambia, sote tukiwa na mvi, kwamba asubuhi ile ngamia walikuwa wamekwisha kupakiwa mizigo, wakisubiri neno langu tu.