Breki ya Vidole Viwili

Mume wangu Seifu ni mbishi. Nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu. Mashine ya kusaga ilipomla vidole viwili vya mkono wa kulia, majirani wa Mkuza walikuja kutupa pole, naye kitandani anawauliza kama mashindano ya pikipiki kule Magindu yatakuwepo mwaka huu.

Pikipiki yake ndogo ya mashindano ilikuwa na breki ya ngoma mbele, na breki ile inataka ngumi nzima. Yeye ngumi nzima hana tena. Ndipo akaingiwa na wazo la gurudumu lenye diski, kwa kuwa breki ya diski haihitaji nguvu nyingi, vidole viwili vinatosha. Akapata gurudumu la pikipiki kubwa iliyokufa. Tundu lake lilikuwa pana kuliko ekseli, akakereza bushi ya chuma ya kulipunguza. Diski ikagusa shokapu, akaongeza washa, vile vipete vya bapa vya chuma. Ikaacha kugusa, ikaanza kuyumba. Akawa anaisogezea chaki huku anazungusha gurudumu, aone inapogusa, afungue bolti, afunge upya. Yote hayo sebuleni kwangu, juu ya zulia langu. Nilikasirika, lakini zaidi niliogopa. Kile kidonda nilikiosha mimi.

Nikampa sharti. Kwao Kisarawe kuna mteremko unaoishia kwenye shamba la mihogo.

"Shuka pale, mimi nitachora mstari," nikamwambia. "Ukiupita, pikipiki inauzwa, na mashindano basi."

Akakubali. Mbishi, lakini akisema amesema.

Tukaenda, tukalala kwa mama yake, Bi Hajra. Asubuhi Seifu akapanda mlima, akashuka. Alipokaribia mstari nikaona vidole vinabana. Pikipiki haikusimama. Ilinipita, ikazama kwenye mihogo, akaanguka. Nilimkimbilia. Nilipomkuta mzima, anajikung'uta, woga ukageuka hasira.

"Inauzwa," nikasema.

Hakubisha, na hilo ndilo lililoniuma. Aliinama akagusa diski, akanusa vidole, kisha akamgeukia mama yake aliyekuwa anakuja mbiombio.

"Mama, umeigusa hii?"

"Nimekipaka mafuta ya nazi hicho kisahani alfajiri," akajibu Bi Hajra. "Kikavu vile, kama miguu ya mtoto asiye na mwenyewe. Si mnakwenda mbele za watu nacho?"

Nilijikuta nacheka huku machozi yananitoka. Mkwe wangu wa watu, breki kaiona imepauka, kaionea huruma.

Seifu akaisafisha diski kwa petroli, akafunga pedi mpya za breki. Hakuomba nafasi ya pili. Alisimama tu ananitazama, kwa sababu sharti lilikuwa langu. Ningeweza kunyamaza, pikipiki ikauzwa, nikalala usingizi wangu mpaka uzeeni. Lakini nyumbani ningekaa na nani? Huyu asiyebisha mimi simjui. Nikamwambia apande tena.

Akashuka. Vidole viwili vikabana taratibu, gurudumu likatii, akasimama kabla ya mstari. Akautazama mkono wake.

"Nimesimama?" akauliza, kana kwamba haamini.

"Umesimama. Lakini umeshuka kama mtu aliyebeba trei la mayai. Magindu hawatakusubiri. Rudi juu, uje kwa kasi."

Akaanza kubisha kwamba ile ndiyo ilikuwa kasi.