Kitabu cha Sala Langoni mwa Gereza

Kaka yangu alikamatwa njia ya Biharamulo akisukuma baiskeli ya ndizi, kisa hana karatasi ya kuonyesha kuwa yeye ni Mtanzania. Miaka ile ya wakimbizi, sisi Wahangaza wa Ngara tukifungua kinywa tu tulionekana tumevuka mpaka. Na karatasi, nani alikuwa nayo? Akawekwa mahabusu, wakiamua kama ni raia au mkimbizi.

Mama akanituma nimpelekee kitabu chake cha sala. Langoni nikaambiwa sheria: kitabu hakimfikii mtu wa ndani mpaka afande akipitie kwanza, ajue kina nini. Haya, nikakitoa. Mkuu wa gereza akakigeuzageuza. Kilikuwa cha Kirundi. Kwetu wazee wengi walisali kwa vitabu vya Kirundi, maana cha Kihangaza hatukuwahi kukiona, na lugha hizi ni ndugu. Lakini yeye mtu wa pwani angejuaje?

Sikuogopa. Pembeni yake alisimama askari ambaye ni mtoto wa jirani yetu Bugarama. Yeye na kaka walipata komunyo ya kwanza siku moja, wakisomea kitabu hicho hicho. Asubuhi ile alikuwa amenipokea kwa Kihangaza, akaniuliza habari za mama.

"Hii lugha unaijua?" mkuu akamuuliza. "Watu wa kwenu wanaitumia?"

Akaniangalia, kisha akatazama buti zake. "Hapana, afande. Hiki ni cha Warundi."

Nikamsemesha kwa Kihangaza, nikamtajia mama yake mzazi. Akanigeuzia kisogo. Najua aliogopa kuulizwa karatasi na yeye. Najua, na bado sijamsamehe, wala msinihubirie habari za saba mara sabini. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikula kwetu tangu hajaota meno.

Kitabu kikawa ushahidi. Kaka akapelekwa kambini, huku huku Ngara, akawa anapanga foleni ya mahindi ya msaada huku anakiona kilima cha shamba letu. Tulipokwenda kumdai, tukajibiwa kwamba kila mkimbizi ana ndugu wa kusema hivyo. Siku ya kuwaondoa watu kambini, wakampandisha lori kumrudisha kwao. Kwao! Na mama yake mzazi amesimama pale kando ya barabara, analitazama lori likipita.