Shimo Moja Lililobaki

Niliondoka Nyeri asubuhi bila kujua niendako, nikiwa na mkoba, sweta, na kadi ndogo ya mchezo ndani ya soksi. Kile kifaa cha kuchezea cha mkononi nilikiacha mezani kwa binamu yangu, niliyekuwa nikiishi naye. Kifaa kilikuwa chake. Kadi ilikuwa yangu.

Ni mchezo wa kupiga mbizi. Bahari sijawahi kuiona, lakini msimu wote wa mvua niliteremka humo, pumzi ya mpiga mbizi ikisikika masikioni mwangu, mwanga ukififia mpaka samaki wakawasha taa zao wenyewe. Ukimkaribia samaki polepole, unaonyeshwa jina lake na chakula chake. Shuleni, kabla sijaacha, hakuna aliyenifundisha hivyo.

Mchezo una kasoro. Kioo hakionekani juani. Mpiga mbizi hugeuka kama ng'ombe aliyekwama kwenye matope. Mbaya zaidi, kadi huhifadhi safari moja tu: akiingia mpiga mbizi mpya, wa zamani anafutwa, pamoja na ramani yake.

Binamu yangu alilijua hilo. Siku moja nilirudi kutoka kuchota maji nikamkuta ameshika kifaa, yuko ufukweni mwa mchezo, mwanzo kabisa, akicheka.

"Umefuta?"

"Nimeanza yangu. Ati unalia juu ya samaki ya stima, ya ndani ya kioo?"

"Nilikuwa nimebakisha shimo moja. La chini kabisa, la nyangumi."

"Buda, ogelea tena. Maji iko mingi."

Sikugombana naye. Nilimwacha acheze, apende, afike mbali. Nilimwelekeza hata njia za mkato. Jioni aliyosema kwamba amebakisha shimo lile tu, na kesho ataingia, nilijua kesho nitaondoka.

Nilishuka Naro Moru, chini ya mlima, kwa sababu tu gari lilisimama hapo. Simu ikalia.

"Kadi iko wapi? Nilikuwa nimebakisha shimo moja!"

"Ogelea, buda. Maji iko mingi."

Nikazima simu. Mama mmoja anayekodisha vyumba nyuma ya kibanda chake cha chai alinitazama viatu.

"Wewe ni wa kubeba mizigo ya mlima?"

"Hapana, mama. Natafuta tu pa kulala."

"Basi lala kwa hii chumba. Mwenyewe ni wa mizigo, amepanda mlima na wageni."

Kitanda kilinuka moshi na kamba. Niliiweka kadi chini ya mto. Safari ya binamu yangu bado imo ndani, nzima, mpaka mdomoni mwa shimo. Kesho nitaulizia mtu mwenye kifaa kama kile. Nyangumi nitamwona mimi, kwa pumzi ya binamu yangu.