Kijiko Kilichosimama

Tangu mwanawe awe wakili wa kampuni ya saruji, mama mtu alizoea kuambiwa "sijui." Ukimuuliza mwana huyo kama mvua itanyesha, hajui. Simu za kazini huzipokelea bafuni, maji ya bomba yakimwagika. Ukimkazania, hukoroga chai yake isiyo na sukari, kijiko kikigonga kikombe taratibu, macho ukutani. "Mama, siri ya kampuni ukiitumia kuuza au kununua hisa kabla umma haujaijua, ni jela," alishamwonya. "Na aliyekudokeza mnaongozana."

Jumapili moja mama alimuuliza, kiutani tu, kama auze hisa zake chache za saruji. "Sijui, mama," alijibu, uso mkavu. Lakini kijiko kilisimama. Mama aliyemlea hakuhitaji zaidi. Kesho yake aliuza, na hisa zilipoporomoka wiki iliyofuata, akaja mbio kumpa mwanawe habari njema. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga dirisha, akafunga na mlango. "Umemwambia nani mwingine?" Sauti ilikuwa ndogo mno. "Shangazi yako tu. Naye kauza." Wakili akaketi, akaificha mikono chini ya meza kama zamani alipovunja sahani. "Wachunguzi wamekuja ofisini leo. Wanauliza majina ya ndugu zangu."

Mama akamsogelea, akamshika bega. "Usiogope, mwanangu. Wakiniita nitaapa mbele yao kwamba hukuniambia neno. Nitawaambia kijiko tu ndicho kilichosimama."